Nani Alihesabu? Kutafuta na Kupima Vyanzo vya Utafiti wa Nchi Unayotaka Kuiuzia

Msomaji mmoja ameniandikia akiomba nimtajie tovuti moja ya kuaminika ya kufanyia utafiti wa nchi anayotaka kuiuzia kahawa iliyokaangwa. Tovuti hiyo haipo, na kuitafuta ndiko kunakowapotezea watu miezi. Utafiti wa nchi huanza na swali, na kila swali lina mlango wake.

"Soko la kule likoje?" bado si swali. Swali ni hili: katika miaka 5 iliyopita nchi hiyo imeagiza tani ngapi za bidhaa yangu, kutoka wapi, kwa bei gani kwa kilo? Mzigo wangu utatozwa ushuru wa asilimia ngapi? Na mnunuzi akishauza, atapata dola za kunilipa? Yaandike kabla hujafungua kompyuta. Ripoti isiyojibu hata moja kati ya hayo iache, hata kama imejaa grafu za kupendeza.

Kwa swali la kwanza unahitaji namba ya bidhaa katika HS, mfumo wa Shirika la Forodha Duniani wa kuainisha bidhaa kwa namba. Tarakimu 6 za mwanzo ni zilezile kwa nchi zote zinazoutumia. Zinazofuata kila nchi hujiwekea zake. Kahawa ni 0901, lakini ukiishia hapo umechanganya mbichi na iliyokaangwa. Mbichi isiyoondolewa kafeini ni 090111. Iliyokaangwa bila kuondolewa kafeini ni 090121. Tofauti hiyo si ndogo. Ujerumani huagiza kahawa mbichi kwa wingi, huikaanga, na ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa iliyokaangwa duniani. Ukitazama 0901 peke yake, mshindani wako atakuja na sura ya mteja. Angalia pia toleo la HS. Mfumo ulirekebishwa 2012, 2017 na 2022, na namba inaweza kugawanywa katikati ya miaka unayolinganisha. Utaona soko limeporomoka kumbe bidhaa imehamishiwa namba nyingine.

Ukiwa na namba, nenda UN Comtrade, hifadhi ya Umoja wa Mataifa ya takwimu za biashara, au Trade Map ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa, ITC, kilichoko Geneva. Lakini Trade Map huchukua sehemu kubwa ya takwimu zake hukohuko Comtrade. Zikikubaliana, hujapata mashahidi wawili. Umemsikia shahidi mmoja mara mbili. Ndivyo ilivyo pia kwa makala kumi zinazonukuu ripoti moja. Fuata kila namba hadi kwa aliyeihesabu, ndipo uanze kupima kama utaiamini.

Shahidi wa pili wa kweli ni nchi ya upande wa pili. Kila shehena huandikwa mara mbili, inapotoka na inapoingia. Chukua kiasi ambacho nchi unayoichunguza inasema imeagiza kutoka kwa muuzaji fulani, ukilinganishe na kile ambacho muuzaji huyo anasema amepeleka huko. Havitalingana, na havipaswi kulingana: uagizaji kwa kawaida hupimwa kwa CIF, yaani thamani pamoja na bima na nauli, na mauzo ya nje hupimwa kwa FOB, thamani ya mzigo ukishapakiwa tu. Upande wa uagizaji ukizidi kwa asilimia 10 hivi, endelea na kazi. Ukizidi mara mbili, simama. Huenda mzigo ulipitia nchi ya tatu, au uliandikwa kwa namba nyingine. Na pale upande wa uagizaji unapokuwa chini sana, uliza kama thamani ilipunguzwa kwenye makaratasi ili kukwepa ushuru. Watakwimu huzungumzia "athari ya Rotterdam": shehena nyingi huteremshwa Uholanzi huku mlaji akiwa kwingine, lakini vitabu huitaja Uholanzi. Asiyelijua hilo atapeleka sampuli kwa mwenye ghala.

Kisha gawanya thamani kwa kilo upate bei. Kabla ya kuiamini, angalia alama inayoonyesha kama uzito uliripotiwa na nchi au ulikadiriwa na Umoja wa Mataifa. Bei iliyotokana na uzito wa kukadiria haifai kuwekwa kwenye ankara yako.

Ushuru unapatikana kwenye Market Access Map ya ITC na kwenye hifadhi za Shirika la Biashara Duniani. Hapa kosa ni moja na hurudiwa kila mara: watu husoma kiwango cha ukomo wakidhani ndicho kinachotozwa. Nchi inaweza kuahidi kwamba haitavuka asilimia 40, ikawa inatoza 10. Chini ya hapo kuna nafuu ya mikataba, ambayo huipati bila cheti cha uasilia, yaani cha kuthibitisha bidhaa imetoka nchi gani. Malizia kwa jedwali la forodha la nchi yenyewe, maana hifadhi za kimataifa huchelewa.

Ukubwa wa uchumi ndipo watu wanapopotea zaidi, tena kwa takwimu ambazo hakuna aliyezighushi. Julai 2016 Ireland ilitangaza kwamba pato lake la taifa lilikua kwa zaidi ya asilimia 26 mwaka 2015. Wananchi hawakuwa wamenunua robo zaidi ya chochote. Kampuni za kimataifa zilikuwa zimehamishia huko mali zao, hasa hakimiliki na hataza, na ofisi ya takwimu ikalazimika kuunda kipimo kingine, GNI*, kinachopunguza athari hiyo. Aprili 2014 Nigeria ilibadili mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao hesabu za pato huujenga msingi wake, kutoka 1990 hadi 2010. Pato la 2013 likapanda kwa karibu asilimia 90 na nchi ikaipita Afrika Kusini. Hakuna mfuko wa mnunuzi uliotuna siku hiyo. Simu na filamu, ambazo zilikuwepo tangu zamani, zilianza kuhesabiwa ipasavyo. Kwa hiyo kila unapochukua pato la taifa, andika pembeni mwaka wa kizio, na kama ni kwa bei za soko au kwa uwezo wa kununua, yaani baada ya kurekebisha tofauti za bei kati ya nchi. Kwa bidhaa utakayolipwa kwa dola, kipimo cha uwezo wa kununua kitakukuzia soko la nchi yenye bei za chini kuliko lilivyo.

Zipo pia takwimu ambazo aliyezitoa ana sababu ya kuzipamba. Februari 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliilaumu rasmi Argentina kwa takwimu zake za mfumuko wa bei na pato la taifa. Lawama hiyo haikuondolewa hadi Novemba 2016. Na zipo zenye umri: Lebanon haijafanya sensa rasmi tangu 1932, hivyo "idadi ya watu" utakayoisoma ni makadirio.

Viwango vya kupanga nchi kwa nafasi vitumie kwa uangalifu mkubwa. Doing Business ya Benki ya Dunia, iliyopanga nchi kwa urahisi wa kufanya biashara, ilisitishwa Septemba 2021 baada ya kasoro katika data za matoleo ya 2018 na 2020, lakini bado inanukuliwa kana kwamba iko hai. Mrithi wake, Business Ready, alianza 2024 na nchi 50 tu. Kielezo cha rushwa cha Transparency International hupima mtazamo kuhusu sekta ya umma, na alama za kabla ya 2012 hazilinganishwi na za baadaye.

Kuhusu malipo, soma ripoti ya IMF ya mashauriano ya Kifungu cha IV, yaani tathmini yake ya uchumi wa nchi mwanachama. Usiisome yote. Tafuta akiba ya fedha za kigeni inatosha uagizaji wa miezi mingapi. Chini ya miezi 3 ni ishara mbaya. Tafuta pia pengo kati ya bei rasmi ya dola na ya mtaani. Pengo likiwa pana, mnunuzi mwaminifu kabisa anaweza kushindwa kukulipa. Linganisha na daraja la hatari ya nchi la OECD, jumuiya ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, kuanzia 0 hadi 7, ambapo 7 ndiyo hatari zaidi.

Kila faili unalopakua lipe jina lenye chanzo, namba ya HS na tarehe uliyolipakua. IMF hutoa makadirio mapya Aprili na Oktoba, Comtrade husahihishwa kila nchi inapowasilisha upya, na bila tarehe hutajua kama soko limebadilika au ni jedwali tu.