Bega la fundi lipu

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 52, ni fundi lipu hapa Morogoro. Miaka miwili iliyopita jukwaa lilikatika nikaangukia bega la kulia. Nikachuliwa miezi sita, mkono ukagoma kupanda. Sasa picha ya MRI inaonyesha kano zimekatika na kurudi ndani, nyama imegeuka mafuta, haziungiki tena. Daktari anataka kuhamisha msuli wa mgongoni. Mgongo si utalegea? Na mwiko nitaushika tena?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Huyo aliyekuchua miezi sita namwacha, kwa heshima ya gazeti.

Tia mkono wa kushoto kwenye kwapa la kulia, shika nyama nene ya upande wa nyuma, kisha kohoa. Umesikia inavyoruka? Ndiyo msuli wenyewe. Umeanzia kiunoni, na kazi yake ni kuvuta mkono chini, kama unapovuta ndoo ya zege kwa kamba. Mpasuaji huibandua ncha yake ya juu, akaipitisha nyuma ya bega na kuishona kwenye kichwa cha mfupa, mahali pa kano zilizokatika. Mishipa yake ya damu na ya fahamu haikatwi. Mswisi Christian Gerber aliueleza upasuaji huu mwaka 1988.

Mgongo usiuhofie, una misuli mingine. Kazi ni kuufundisha msuli uliozoea kuvuta chini sasa uinue. Utakaa kama wiki 6 mkono umeegemezwa mbali na mbavu, hata usiku. Halafu mnakuja kwetu wataalamu wa mazoezi ya viungo. Mimi humwambia mgonjwa abane kiwiko kana kwamba ameficha noti kwapani, hapo hapo ainue mkono. Hunicheka. Fundi cherehani mmoja alihangaika hadi mwezi wa nne, siku moja akifukuza nzi mkono ukapanda wenyewe.

Maumivu hupungua zaidi kuliko nguvu zinavyorudi, na nguvu huchukua karibu mwaka. Lipu ya usawa wa kifua, huenda. Dari waachie vijana.

Kabla hujasaini, muulize daktari: kano ya mbele ya bega ni nzima? Kiungo hakijasagika? Kikisagika, msuli hautakusaidia, mtazungumzia bega la bandia.

Nunua pia mashati mawili mapana ya vifungo. Fulana hutaweza kuvaa.