Mleta mada, lori lisiondoke kabla hujawa na orodha ya kaya

Simamisha hilo lori. Hata kama dereva ameshachukua nusu ya hela, hata kama mmeshatangaza kwenye grupu kuwa safari ni Ijumaa, simamisha.

Umeandika kwamba kikundi chenu cha hapo Dar kimekusanya marobota ya nguo, magunia ya unga na mablanketi mazito kwa ajili ya ndugu zetu waliokumbwa na mafuriko ya Aprili 2024 Rufiji. Umeuliza bei ya kukodi lori, kama kuna kibali, mahema yanauzwa wapi na chakula mgawe kwa kipimo gani. Halafu ukamalizia, "mengine tutayaona huko huko." Mkuu, hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niache kazi niandike. Ndiyo hayo hayo tuliyoambiwa sisi Desemba 2023 tukijiandaa kwenda Katesh, wilayani Hanang, kutoka Arusha baada ya maporomoko ya tope, na sitaki kuona watu wengine wakiumizwa na sadaka.

Kwanza, mablanketi mazito Rufiji ya nini? Katesh iko miguuni mwa Mlima Hanang, usiku wa mvua baridi yake inaingia hadi kwenye mifupa, mtoto aliyelowa tope bila blanketi hafiki asubuhi akiwa mzima. Rufiji ni bonde la joto, maji yametuama kila mahali, na tatizo la usiku ni mbu. Kuna mtu amechukua orodha ya mahitaji ya Hanang akainakili kama ilivyo akawapa mkanunue. Hajapiga simu Muhoro, hajapiga simu Utete huko Rufiji, hajauliza mtu yeyote aliyelala na maji mlangoni. Orodha ya maafa haihamishwi kutoka mlimani kwenda bondeni.

Sasa nikueleze yaliyotukuta. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa mvua ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa kufuata mikondo ya maji, vikapita Gendabi na Jorodom, vikaingia hadi mjini Katesh. Waliofariki walifika 89. Serikali ilifungua kambi kwenye shule, ikabeba gharama za matibabu na mazishi, na nchi nzima ikaanza kuchanga. Umoja wetu nao ukachanga, na watu walitoa kwa moyo kweli kweli: mama ntilie wa sokoni alileta sufuria yake moja kati ya mbili alizokuwa nazo.

Akatokea mtu aliyejitambulisha kwetu kama mratibu. Sitamtaja, na taasisi aliyosema anatoka sitaitaja. Fulana yenye maandishi makubwa mgongoni, simu mbili mkononi, picha za tope kila baada ya saa moja kwenye grupu. Tulipomuuliza wanahitaji nini, akasema, "Leteni nguo na unga, watu hawana kitu kabisa." Tulipomuuliza watagawiwaje, akasema mambo tutayakuta huko huko. Baadaye tulikuja kujua kwamba hakuwa amekanyaga ndani ya kambi hata moja. Alikuwa anasimama barabarani, anapiga picha, anarudi hotelini. Hasira yangu kwa mtu huyo haijapoa na sioni kwa nini ipoe. Mtu akikudanganya bei ya shati, umepoteza hela. Akikudanganya kuhusu watu waliopoteza watoto usiku mmoja, hapo ameiba kitu ambacho hakuna wa kukurudishia.

Tulifika tukakuta unga upo tele stoo, nguo ndiyo usiseme. Nguo zilirundikwa kwenye veranda hadi zikaziba madirisha, zikanyeshewa, zikaanza kunuka. Ndani ya marobota yetu wenyewe, tulipofungua, mlikuwa na suti za harusi, viatu vya kisigino vya mguu mmoja, na makoti ya zamani yaliyoliwa na mende. Kilichokosekana kilikuwa kingine kabisa: ndoo, sufuria, sahani, taulo za kike, nguo za ndani mpya, kandambili, tochi, sabuni. Mwanamke anapewa kilo za unga wakati sufuria yake iko chini ya tope. Apikie kwenye nini?

Lakini hilo dogo. Tungeweza kuuza unga, tukanunua sufuria. Balaa lilikuja kwenye kugawa.

Tulikuwa tumechelewa, giza linaingia, mvua inatishia, dereva anataka kugeuza. Mratibu akatuambia tugawe pale pale kando ya barabara, akatupa karatasi ya majina aliyosema ni ya "wakuu wa kaya." Tukafungua ubao wa nyuma wa lori tukaanza kuita. Kwa dakika chache kukawa na foleni, kisha hakukuwa na foleni. Vijana wenye nguvu walipanda matairi, magodoro yakaanza kuvutwa juu kwa juu, gunia likapasuka, unga ukamwagika kwenye tope, na watoto wakainama kuuzoa na tope lake. Bibi mmoja alisukumwa akaanguka. Wapo walioondoka na magodoro matatu ambao nyumba zao hata hazikuguswa na maji.

Na katikati ya vurugu hiyo akaja mama mmoja, mtoto mgongoni, mwingine kamshika kanga, tope limekauka hadi magotini. Akataja jina la mumewe. Tukaangalia kwenye karatasi, tukakuta jina limeshawekwa alama, limeshachukua. Tukamwambia, mama, kwenu wameshapata. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Aliyechukua ni mke mkubwa. Mimi nakaa kwangu, nyumba yangu ndiyo iliyoondoka." Nyumba ya mke mkubwa ilikuwa imesimama. Ya kwake ilisombwa na kila kilichokuwamo, na alikuwa amepokewa na shemeji yake upande wa pili wa mji, siku zote hizo hajaonekana kambini kwa hiyo hajaandikwa popote. Lori lilikuwa limebaki na mablanketi mawili na marobota ya makoti. Tulimpa yale mablanketi. Godoro hakupata, sufuria hakupata, mafuta hakupata.

Sasa hesabu mwenyewe. Karatasi ya "wakuu wa kaya" ndani ya jamii ambayo wapo wanaume wenye wake wawili au watatu, kila mke na jiko lake, ina maana umeandika wanaume ukaacha majiko. Na huko Rufiji unakokwenda wewe ndoa za mitara zipo vilevile. Ukipewa orodha ya majina ya wanaume watupu, irudishe hapo hapo.

Kosa la pili kwenye karatasi ile ndilo lililoficha watu wengi zaidi: iliwaandika waliokuwa kambini tu. Maafa yakitokea kwetu, watu hawakimbilii kambini kwanza, wanakimbilia kwa dada, kwa mjomba, kwa jirani, kwa mzee wa kanisa, kwa imamu. Nyumba ya vyumba viwili inalaza watu kumi na tano. Hao hawapigwi picha, na mwenye nyumba aliyewapokea anamaliza akiba yake ya mahindi ndani ya wiki mbili, kisha anakuwa mhitaji naye. Kambi inaonekana kutoka barabarani. Hawa huwaoni mpaka uende na mjumbe, mlango kwa mlango.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia hadi unichoke: orodha kwanza, lori baadaye. Watume watu wawili wenu watangulie na kaunta buku na kalamu, bila zawadi yoyote mkononi, na mmoja wao awe mwanamke, maana kuna mahitaji ambayo mama hatamtajia kijana wa kiume. Waanzie ofisi ya mkuu wa wilaya. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 kuna kamati za maafa kuanzia mkoa na wilaya hadi chini kwenye kijiji na mtaa, na hao ndio wanaojua nani ameshapeleka nini wapi. Hapo nimekujibu la kibali pia: ripoti kwenye kamati ya wilaya, pata mtu wa kwenda nanyi, kila kinachoshushwa kiandikwe na kusainiwa pande zote mbili.

Ila usichukue orodha ya ofisini ukadhani umemaliza. Shuka nayo kwa mwenyekiti wa kitongoji, shuka kwa mabalozi wa nyumba kumi, kisha isomwe kwa sauti mbele ya watu, mchana kweupe, kabla hakijafika kitu chochote. Ikisomwa hadharani, jina hewa linajulikana hapo hapo, na aliyesahaulika anatajwa na jirani yake. Andika kila jiko kama kaya yake: jina la mwanamke mwenye jiko, wako wangapi, wanalala wapi usiku wa leo, watoto chini ya miaka 5, mjamzito au anayenyonyesha, mzee, mlemavu, wamepoteza nini, na wana nini tayari. Hilo la mwisho ndilo linalokuzuia kupeleka unga kwenye unga.

Rufiji ina jambo la ziada. Watu wengi wa bondeni wana nyumba kijijini na dungu shambani, na msimu wa kilimo wanalala huko shambani kulinda mazao. Ukiuliza "nani nyumba yake imebomoka" utapata majina machache, wakati mwenye nyumba iliyosimama anaweza kuwa shamba lake lote la mpunga na mahindi liko chini ya maji na hana cha kula mpaka msimu ujao. Uliza nyumba, uliza na shamba. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisema bungeni Aprili 2024 kwamba mvua hizi zimeua watu 155 na kugusa zaidi ya watu 200,000 nchini, kwa hiyo vyakula vya msaada vitagombewa na sehemu nyingi, na wenye mashamba yaliyozama watahitaji kula muda mrefu baada ya kamera kuondoka. Mjadala wa kama Bwawa la Nyerere ndilo lililoleta mafuriko waachieni wanaoujadili kwenye nyuzi nyingine. Hapa swali ni nani analala wapi na anakula nini.

Kipimo cha chakula umeuliza, nacho kipo, usigawe kwa kukisia. Watu wa misaada huhesabu kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na sehemu kubwa ya mgao wa kawaida ni kama gramu 400 za nafaka, 60 za maharage na 25 za mafuta. Kaya ya watu watano kwa wiki ni unga kilo 14, maharage kilo mbili na ushee, mafuta karibu lita moja, na chumvi. Funga mafungu hayo huko Dar, kila kaya fungu lake, yanayolingana na idadi iliyoandikwa kwenye orodha. Fungu likishafungwa hakuna kupima kando ya barabara wala kugombana. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuoga, na mafuriko yanachafua visima na vyoo kwa pamoja, kwa hiyo dawa ya kutibu maji ina thamani kuliko robota lolote la nguo ulilonalo.

Kuna mchangiaji hapo juu amesema mtume hela tu, mambo yaishe. Hela ni nzuri kama soko liko wazi, mtu ananunua anachokosa. Lakini nako kunahitaji orodha, tena zaidi. Msisahau Kagera: baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina lile lile la akaunti rasmi ya michango, na viongozi wakatumbuliwa kwa ajili hiyo. Hela iende kwenye namba ya mwenye jiko mwenyewe, jina la usajili wa laini likilingana na jina kwenye kaunta buku, na kama hana simu, andika nani anampokelea na amsainie mbele ya balozi.

Na mwingine ameandika kwamba "mkikaa kuandika majina watu watakufa njaa." Kaka, hapana. Siku za kwanza kabisa wanaowalisha watu ni majirani, serikali ya kijiji na Msalaba Mwekundu, na sufuria ya pamoja ya uji haihitaji orodha, hiyo pikeni na wapewe wote wanaokuja. Nazungumzia godoro, ndoo, chandarua, mgao wa wiki, vitu ambavyo mtu akichukua viwili mwingine anakosa. Kuandika kitongoji kizima ni kazi ya siku moja au mbili kwa watu wanne waliokaa vizuri na mabalozi.

Kuhusu makazi, angalia kalenda. Desemba ni mwisho wa mwaka wa masomo, madarasa ya Hanang yalipatikana. Sasa ni Aprili, madarasa yana wenyewe, kwa hiyo watu wanaweza kuhamishwa muda wowote na orodha yako ikawa na anwani za jana. Kabla lori halijawashwa, piga simu kwa mabalozi usiku uliotangulia, uliza nani amehama.

Basi leo fanya haya. Mablanketi yarudisheni dukani kabla mwenye duka hajakataa, mchukue vyandarua na ndoo za lita 20 zenye mfuniko. Marobota fungueni nyie wenyewe, toeni nguo za watoto, kanga na madera mazima, zilizobaki uzeni hapo hapo Dar na hela iende kwenye sufuria. Watu wawili wapande basi la Utete kesho asubuhi na kaunta buku. Wakishasoma majina hadharani, njoo uandike hapa wamepata kaya ngapi na ngapi kati ya hizo ziko kwa ndugu, tukupigie hesabu ya mafungu.