Umealikwa sinagogi Jumamosi? Jibu langu kwa mleta mada

Mkuu, umesema mfanyakazi mwenzako huko London amekualika sinagogi Jumamosi na unaogopa kuaibika. Nimeshahudhuria kama mgeni mara nyingi, zaidi kwa Wayahudi wa Orthodoksi, wale wanaoshika sana sheria za dini, kwa hiyo nitasema ya huko. Kwingine wanawake na wanaume hukaa pamoja na taratibu ni nyepesi kidogo. Muulize mwenyeji wako.

Kwanza apeleke jina lako mapema, maana mlangoni kuna walinzi. Simu izime kabla hujafika. Sabato hawapigi picha wala hawaandiki, hata kidaftari kiache nyumbani. Ukipewa kile kikofia kidogo, vaa. Ile shali yenye vishada usijitwishe, hiyo ni yao.

Kitakachokushangaza ni kelele. Huyu anaingia saa tatu, yule saa nne, kila mtu anasoma kwa kasi yake huku akiyumbayumba, watoto wanakatiza katikati ya viti. Aliyelelewa kwenye kanisa la kimyakimya atasema hawa hawana adabu. Ngoja ifike Amida, sala yao kuu ya kusimama. Wanasimama wote, miguu imebanwa pamoja, midomo inacheza na sauti haisikiki, kama Hana mama yake Samweli, ambaye marabi walimchukua kuwa kielelezo cha sala hiyo. Hapo usimsalimie mtu, na usipite mbele ya anayesali hata kama kiti chako kiko hatua mbili tu. Akimaliza atarudi nyuma hatua tatu. Usisimame mgongoni pake.

Kisha kiongozi anairudia Amida kwa sauti, na hapo ndipo soga huanza. Tusidanganyane, wanapiga soga. Lakini sheria yao ni kali: Shulhan Arukh, kitabu cha Yosef Karo cha karne ya 16, kinasema anayeongea wakati huo ametenda dhambi na akemewe. Baada ya mauaji ya Wayahudi kule Ukraine mwaka 1648, Rabi Yom-Tov Lipmann Heller alitunga baraka maalumu ya kuwaombea wanaozuia ndimi zao sinagogi. Kwa hiyo ukiona mzee anapiga meza kwa kiganja, anawanyamazisha watu wake. Mimi namuunga mkono, hasa wakati wa Kadishi, sala ya kumsifu Mungu ambayo wafiwa huisema: mfiwa hawezi kuisema peke yake, lazima wawepo wanaume kumi, yeye akiwemo, ili aitikiwe amina. Halafu wenzake wanajadili Arsenal! (Wewe si Myahudi, huhesabiwi kwenye kumi hao, usinune.)

Kuhusu kuonekana mnyenyekevu, usiigize. Wakisimama, simama, hasa kabati la Torati linapofunguliwa. Usipige magoti wala ishara ya msalaba, na usiyumbe kwa sababu jirani anayumba. Chukua kitabu chenye tafsiri, kinafunguliwa kutoka kulia, usome taratibu. Kikidondoka kiokote mara moja, wenyewe hukibusu. Ukipotea ukurasa, jirani atakuonyesha kwa kidole bila hata kukuuliza. Usiposema neno lolote hakuna atakayekushangaa, na ukimwomba Mungu wako moyoni hakuna atakayejua.

Ikiisha kuna keki na vinywaji. Usiguse kitu kabla divai haijabarikiwa. Mwenyeji wako akikualika kwake chakula cha mchana, nenda, ila zawadi mpelekee Ijumaa kabla jua halijazama, maana wengi wao Jumamosi hawabebi vitu njiani.