Mlingoti wa kaboni kwenye dinghi za kujijengea: marufuku ama uachwe?

Ndugu wa Ggaba, swali lako nimelisoma lote. Mko kikundi kidogo mnajijengea dinghi (boti ndogo za tanga) za plaiwudi, mwenzenu mmoja kaletewa mlingoti wa kaboni (nyuzi za kaboni, nyepesi na ngumu) kutoka nje, kwenye resi kawaacha mbali, sasa nusu ya kundi wanataka kaboni ipigwe marufuku na nusu wanasema bora wote mnunue Laser, boti za kiwandani zinazofanana zote, maneno yaishe. Mi nasema hakuna haja ya marufuku wala ya Laser, kaeni chini muandike vipimo. Nieleze kwa nini, maana huku Jinja upande wa Masese jambo hilihili tumelipitia.

Kwanza Laser. Ni boti nzuri, sina neno nayo, mita 4.23, zote umbo moja, na kanuni zake zinakwambia mpaka kamba ipi ubadilishe na ipi usiguse, kwa hiyo anayeshinda ni baharia. Ila tanga likichanika unatakiwa ununue lilelile lililoidhinishwa, ulisafirishe, ulipe ushuru, na fundi wetu anayejua mbao tangu utotoni anabaki mtazamaji. Mi hilo linaniuma kwa kweli. Ziwa letu hili la Victoria lina mafundi wa mitumbwi kila mwalo, kwa nini tuchague mchezo usiowahitaji?

Njia ya pili ndiyo wanaiita klasi huria, yaani kundi la boti zinazoshindana kwa vipimo vichache tu. Mfano mkubwa ni Moth, boti ndogo ya mtu mmoja: urefu usizidi mita 3.355, upana mita 2.25, tanga kama mita 8 za mraba, bodi (umbo lenyewe linaloelea) iwe moja tu isiwe mbili kama katamarani, na kiwango cha chini cha uzito hakuna. Baada ya hapo jenga unavyotaka. Mwaka 2001 jamaa mmoja Brett Burvill akaja kwenye mashindano ya dunia kule Australia na Moth yenye mabawa pembeni yanayokata maji na kuinua boti, akashinda resi huko. Wenye klasi wakaamua mabawa yale ya pande mbili yanaigeuza boti kuwa kama ya bodi nyingi, na hiyo ilikuwa imekatazwa tayari. Lakini ona, hawakuandika kwamba boti kuruka juu ya maji ni haramu! Waliokuwa wanajaribu bawa la umbo la T chini ya dagabodi (ubao unaoshushwa majini kuzuia boti isiende upande) na chini ya usukani, katikati ya boti, wakaachwa waendelee, na 2005 Rohan Veal akachukua ubingwa wa dunia akiwa hewani. Leo Moth zinapita mwendo wa noti 30 (kama kilomita 55 kwa saa), na zote ni zile zile mita 3.355.

Sasa linganisha na 1938. Peter Scott (ndiyo yule yule aliyekuja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa WWF, shirika la kuhifadhi wanyamapori, na kuchora ile nembo yao ya panda) na mwenzake John Winter walifunga waya kutoka juu ya mlingoti wa International 14 yao (dinghi ya watu wawili), mmoja akavaa mkanda akaning'inia nje ya boti kuizuia isilale. Wakashinda kombe kubwa la klasi hiyo na kile kifaa kikapigwa marufuku haraka. Hakikumdhuru mtu, bei yake ndogo, na leo kwenye International 14 mabaharia wote wawili wananing'inia. Yaani walijichelewesha bure miaka mingi.

Na marufuku ya kuzungukazunguka nayo haisaidii. Wenye katamarani za klasi A walitaka kuzuia kuruka bila kusema wazi, wakaandika kwamba dagabodi lazima ziingizwe kutoka juu na ncha zake ziachane mita 1.5. Wabunifu wakazipinda dagabodi zikapita kwenye kipimo kile kile na boti zikaruka tu, ila kwa umbo gumu na ghali kuliko ambalo wangetumia kama wangeachwa. Mwisho wakagawa mashindano, wanaoruka upande wao na wa zamani upande wao.

Kwa hiyo kwenu nyie pesa ndiyo hofu, na hofu hiyo ni ya haki kabisa. Dawa yake ni uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa, hapo msiige Moth. Chukueni boti ya plaiwudi iliyojengwa vizuri na fundi wa kawaida, ipimeni ikiwa kavu, huo ndio uzito wa chini kwa kila mtu. Mwenye bodi ya kaboni itabidi abebe vyuma vya kufidia, sasa faida yake imebaki ndogo na hatajisumbua. Wenye katamarani za klasi A wanafanya hivyo, kilo 75, na ndiyo maana boti kuukuu bado zinaingia majini. Sisi tunapimia kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mputa (sangara) mwaloni, tepu na karatasi, basi. Kanuni ambayo huwezi kuipima pale ufukweni kwa vitu hivyo usiiandike, maana itageuka ugomvi.

Mlingoti ni tofauti kidogo na bodi kwa sababu uzito wa juu ndio unaopindua boti, ukiongeza chuma chini haurudishi haki. Ulazeni mlingoti, egemezeni sehemu ya chini mahali pamoja palepale kwa wote, pimeni ncha ya juu kwa mizani. Andikeni uzito wa ncha usipungue ule wa mlingoti wa bomba la alumini. Kaboni yake iruhusiwe, kama ni nyepesi afunge vipande vya madini ya risasi juu.

Halafu vingine vyote viacheni wazi, nasema kwa moyo wote, kwa sababu huku kwetu usukani uliosimama wima ulikuwa unanasa gugu maji kila tukikaribia ghuba, boti inasimama kabisa. Kijana mmoja fundi akachonga usukani unaolala nyuma, magugu yanateleza chini yenyewe, wiki chache baadaye karibu kila mtu kachonga wake kwa vipande vya mbao alivyokuwa navyo. Kwenye kanuni zilizofungwa yule kijana angeambiwa atoe kitu chake. Hakuna mzungu angetuletea usukani ule, tunaoijua adha ya magugu haya ni sisi.

Kanuni mkizibadilisha, zianze msimu ujao na boti zilizopo zisifukuzwe. Huyu jamaa wa kaboni mwacheni amalize msimu, na hiyo ncha ya mlingoti wake ipimeni wikendi hii kabla hamjapiga kura yoyote. Ukipata namba ziweke hapa, pamoja na upana na eneo la tanga, nikutumie vipimo vyetu tulinganishe, na kama zinakaribiana tunaweza kuzileta boti zetu huko kwa lori tushindane pamoja.