Maswali yenu: Ramani za mtandaoni na takwimu za afya

Nimepakia visima vya vijiji vyetu kwenye uMap, tovuti ya kutengenezea ramani. Vingine vimetokea Ethiopia, vingine baharini karibu na Hispania! Nimekosea wapi? (Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Kilosa)

Pole, dada. Kilosa iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yake lazima iwe na alama ya kutoa: takriban -6.83, na longitudo 36.98. Alama hiyo ikisahaulika, kisima kinavuka ikweta na kutua Ethiopia. Latitudo na longitudo zikibadilishana nafasi, ndiyo unajikuta baharini huko Hispania. Rekebisha jedwali lako, safu uziite "lat" na "lon", kisha pakia upya.

Tunataka kuonyesha nyumba za wagonjwa wa kifua kikuu, bila majina, ili tuwafuatilie walioacha dawa. Inafaa? (Kikundi cha kujitolea, Kisumu)

Nia yenu ni njema, lakini nawasihi msifanye hivyo. Kuondoa jina hakutoshi. Picha ya setilaiti inaonyesha bati jipya, mwembe uani na kinjia cha kuingilia. Jirani akiiona tu anajua ni kwa nani. Mgonjwa akishanyooshewa kidole mtaani, huanza kuikwepa kliniki, na matibabu yenyewe kwa kawaida ni ya miezi sita. Mtampoteza yuleyule mliyetaka kumsaidia.

Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Orodha ya wagonjwa ibaki kliniki, kwa wale wenye jukumu la kuwafuatilia. Kwenye ramani wekeni idadi ya kijiji au mtaa mzima, na idadi ikiwa ndogo sana, unganisheni maeneo mawili au matatu. Ukiandika "1" kwenye kitongoji chenye kaya kumi, umeshamtaja mtu.

Tena kagueni ruhusa za ramani yenu: nani anaiona, nani anaweza kuihariri. Kiungo cha kuhariri kisirushwe kwenye kundi la WhatsApp hata kidogo.

Kwenye ramani ya kuhara kata yetu ndiyo nyekundu kuliko zote, na diwani amekasirika. Tumjibu nini? (Mtendaji wa kata, Mwanza)

Mwulizeni aliyeichora: wagonjwa wangapi kati ya watu wangapi? Tuseme kata yenu ina wagonjwa 40 na wakazi 50,000. Hao ni 8 kwa kila watu 10,000. Jirani zenu wana wagonjwa 20 tu, ila wakazi ni 10,000. Hao ni 20 kwa kila 10,000. Wenye hali mbaya ni wao, ingawa ramani ya idadi tupu imewapaka rangi hafifu.

Kuna jambo lingine linalonisumbua zaidi. Takwimu za DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya unaotumika Tanzania na Kenya, kwa kawaida hukusanywa kwa kituo. Mgonjwa anahesabiwa alikotibiwa, hata kama analala kata nyingine, kwa hiyo kata yenye hospitali kubwa huonekana imejaa maradhi. Ile ambayo mama anatembea nusu siku kuifikia zahanati hubaki nyeupe, kana kwamba wote ni wazima. Aliyeleta ripoti ya sifuri na asiyeleta ripoti kabisa wasipewe rangi moja. Asiyeleta apakwe kijivu, halafu mtu apande pikipiki akaone kuna nini.

Huku mtandao hakuna. Tufanyeje? (Mhudumu, Turkana)

Tumieni KoboCollect, programu ya simu ya kukusanyia takwimu kwa fomu. Pakueni fomu mkiwa mjini, jazeni kijijini bila bando, mtume mkirudi kwenye mtandao. GPS ya simu haihitaji intaneti, ila simameni nje, mbali na paa la bati, na msubiri kipimo cha usahihi kishuke hadi mita tano hivi kabla ya kuhifadhi.

Zahanati yetu haimo kwenye ramani yoyote. (Mkazi, Kigoma)

Fungua akaunti ya OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri, uiongeze mwenyewe, ni bure. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwashirikisha wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam kuchora mitaa yao hadi mifereji ya maji ya mvua. Andika jina kama lilivyo kwenye kibao, na usisahau saa za kufungua.