Barua kwa mwanangu: mtoto kunguru

Mwanangu Zuhura,

Hapa Temeke hatujambo, ila joto. Umeniuliza kama yule mtoto wa hadithi yako anayejifanya kunguru ageuke kunguru kweli mwishoni, ili mjukuu wangu Idi, mume wangu huyo, na wenzake wapate funzo. Hapana. Mtoto akishaogopa hacheki tena. Sungura anaiba na kudanganya tangu enzi za mabibi zetu, na mara nyingi anatoka salama, mbona hatukuharibika?

Kwanza kunguru mwenyewe ni kichekesho tosha. Hawa wenye shingo ya kijivu asili yao India, wakaletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka. Sasa nenda soko la samaki la Feri ukawaone wanavyokula taka! Kunguru haendi kwenye meza ya samaki moja kwa moja. Anatua pembeni kama hana habari, anarukaruka kiubavuubavu, jicho moja kwenye samaki, jingine kwenye fimbo ya mwenye meza. Mtoto wako naye afanye hivyo hivyo. Asiombe dagaa. Auzunguke mkeka, adonoe mmoja kwenye sahani ya babu, apande nao juu ya stuli. Kijiko cha bibi akakifiche ndani ya kiatu. Akiulizwa shikamoo iko wapi, ajibu, "Kwaa!"

Mama yake asishike mwiko wala asihubiri. (Wewe unapenda kuhubiri, umemrithi baba yako.) Aseme tu, "Haya, kunguru hafugiki," kisha amtendee kama kunguru. Kunguru hapandi daladala kwenda kwa shangazi. Hatazami katuni. Jioni watu wanakula chapati na maharage ya nazi, yeye anawekewa vichwa vya dagaa na ganda la embe uani. Hapo mwache abishe: "Lakini kunguru wa Magomeni wanakula chapati!" Mama aulize nani kawapikia. Yeye aseme wameiba. Mabishano hayo yarefushe uwezavyo, maana ndiyo hadithi yenyewe, na watoto watataka uyarudie kila usiku.

Ashinde nusu chapati, basi, hadithi iishie hapo.

Na jina la mtoto libadilishe. Mwenye nyumba wako ana mwana anaitwa hivyo hivyo, na kodi bado hujalipa.

Mama yako