Kibofu kiko nje, tusubiri hadi lini?

SWALI: Muuguzi, binti yangu amejifungua mtoto wa kiume, leo ni siku ya nne. Chini ya kitovu hana ngozi; pana nyama nyekundu, na mkojo unachuruzika papo hapo. Daktari anasema amezaliwa na kibofu wazi, atapasuliwa baada ya wiki kadhaa. Mtoto wa hivi anasubirishwaje? Namfunika kwa shashi safi, lakini nikiibandua analia mno. – Bibi wa mtoto

JIBU: Shikamoo mama. Nianze na hiyo shashi: iacheni leo hii. Ile nyama ni laini kama ndani ya shavu. Shashi ikikauka hugandia, na ukiibandua unamchubua. Tumieni nailoni nyembamba, ile ya kufunikia chakula. Kila mkibadilisha nepi, mmwagieni maji ya chumvi ya hospitali, mweke nailoni mpya, kisha nepi juu yake. Mafuta na poda hapana. Na kama kitovuni bado kuna kibanio cha plastiki, ombeni kitolewe pafungwe kwa uzi; nimepokea watoto kibanio kikiwa kimelalia kibofu, kinakikwaruza kila wanapopumua.

Sasa, kusubiri. Zamani tulikimbizana na saa 72 za kwanza, kwa sababu mifupa ya kichanga bado inavutika. Maana hapa si kibofu tu: mifupa ya kinena nayo imeachana kwa mbele, na mvuto wake ndio unaofumua mshono. Zikipita siku hizo, daktari wa mifupa huikata nyonga kidogo ili ije pamoja bila kukaza. Kwa hiyo wiki chache hazimharibii kitu, mradi kibofu kitunzwe. Ninachokiogopa mimi ni haraka mikononi mwa asiyezoea. Mshono wa kwanza ukifumuka, nafasi ya mtoto kuja kubana mkojo hupungua. Tatizo hili huwapata kama mtoto 1 kati ya 30,000 hadi 50,000, hivyo madaktari wengi hawajawahi kulishika. Muulizeni wenu amefunga vibofu vingapi. Si utovu wa adabu.

Akishapasuliwa, miguu itafungwa pamoja wiki 4 hadi 6, na mipira ya mkojo itatoka tumboni. Hapo habebwi ovyo. Mama mmoja wodini kwetu alikuwa akipanda kitandani na kuinamia mtoto, ziwa linamfuata alipolala. Binti yako ajiandae. Uume, ambao kwa kawaida huwa mfupi na umepasuka upande wa juu, hurekebishwa pamoja na kibofu au baadaye. Upasuaji wa kubana mkojo, ukihitajika, husubiri miaka 4 au 5.

Jambo moja halisubiri tarehe mliyopewa: ngiri, yaani utumbo kushuka kinenani. Wavulana hawa huipata sana. Mkiona uvimbe kinenani umekuwa mgumu, mtoto anatapika na hanyamazi, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.